Uso Niliouiba kwa Baba Mkwe

Sehemu ya nne

Niliwaacha, wasomaji wangu, nimesimama mlangoni kwa mama mkwe, na begi la bluu liko wazi juu ya kitanda. Kwa aliyechelewa nitaeleza haraka, maana hata mimi sifurahii kurudia.

Mimi kazi yangu ni ngozi. Kwenye ofisi yetu ndogo tunatengeneza filamu fupi kwa kompyuta, filamu ambazo ndani yake hamna mtu hata mmoja aliye hai, lakini ukitazama utabisha mpaka kesho kwamba yupo. Mwenzangu mmoja anaunda vichwa, ndiyo maana tunamwita Mfinyanzi. Mimi navivika ngozi: mikunjo, madoa, jasho, ndevu zilizonyolewa juzi. Ofisini wananiita Vinyweleo. Nimeshazoea.

Mwaka huu tulitengeneza filamu ya dakika tisa. Mzee ameketi ukingoni mwa kitanda, anang'arisha kiatu kimoja, anaongea na mtu ambaye hatumwoni. Basi, hiyo tu.

Uso wa mzee huyo niliuiba kwa baba mkwe wangu, aliyepigwa na kiharusi miezi saba iliyopita na ambaye tangu siku hiyo hajatamka neno akiwa macho. Nilimpiga picha amelala, saa nane mchana, siku tatu mfululizo, mama mkwe akiwa kwenye kikundi chake cha kushona, huko akiniombea heri kwa kukubali kukaa na mgonjwa.

Ruhusa sikuomba. Ningemwomba nani? Mwenyewe hasemi.

Filamu ikatoka, ikapita simu hadi simu, ikafika kwenye kikundi cha kushona. Wanawake arobaini wakamwona mume wa mwenzao ana afya tele, anasema maneno haya: "Mwambie mtoto nitakuja Alhamisi. Nisipokuja, asinisubiri barabarani. Jua kali."

Mama mkwe ana watoto wawili, mume wangu na wifi yangu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumsubiri baba yake barabarani. Walimsubiri nyumbani, wanakula.

Sasa tuendelee.

"Miaka ishirini na mbili," alisema mama mkwe, akikunja blauzi na kuiweka begini. "Kila Alhamisi anarudi amechelewa. Namwuliza, ananiambia mtaa wa mbali, mita nyingi. Na mimi mjinga namtengea maji ya kuoga, namfunikia chakula."

Baba mkwe, kwa msiojua, alisoma mita za maji mpaka alipostaafu.

"Mama, yule siye baba," nikasema.

"Siye nani? Nimelala na mwanaume huyu miaka arobaini na moja, wewe unakuja kuniambia siye?"

"Ni kompyuta, mama. Ni kama katuni."

Aliacha kukunja. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Katuni ni sungura aliyevaa suruali. Yule anayeng'arisha kiatu ni mume wangu. Hata mshipa wa kwenye paji la uso unacheza anapomeza mate."

Ule mshipa niliuweka mimi. Ulinichukua siku nne. Ndugu zangu, sijawahi kujuta kufanya kazi vizuri kama nilivyojuta siku hiyo.

"Na sauti, mama? Ile sauti ni ya baba?"

"Sauti mmeibadilisha. Mashine za siku hizi zinabadilisha sauti, nani asiyejua hilo?"

Unaona nilivyokamatika. Kwamba mashine imebadilisha sauti, anakubali. Kwamba mashine imetengeneza mtu mzima na nywele zake za puani, hapana, huo ni uongo wangu.

Wifi alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani. Wifi yangu hajawahi kunipenda na siku hiyo alipata sababu.

"Wifi, sema ukweli tu. Ulimrekodi baba kabla hajaugua. Akakumwagia siri zake, ukazifungia kabatini. Baba amelala hajiwezi, wewe ndiyo unazitoa watu wachekelee."

"Sikumrekodi."

"Kwa hiyo ulifanya nini?"

Hapo ndipo nilipokwama. Nikikubali kwamba nilimrekodi, mimi ni mtunza siri wa mwanaume dhidi ya mke wake. Nikithibitisha kwamba sikumrekodi, mimi ni mtu aliyemvizia mgonjwa usingizini na kamera. Kote nimekwisha.

Nikamtazama mume wangu anitetee. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, simu mkononi, macho mekundu.

"Nikuamini vipi?" akasema taratibu. "Nimeitazama mara kumi na moja. Nimemlilia baba. Nimefurahi kumwona anaongea, halafu nasikia anachoongea."



Kutoka chumba cha pili tukasikia baba mkwe anakohoa. Mama mkwe akaanza kunyanyuka, mazoea, kisha akajizuia, akakaa tena. Nikaona jinsi alivyong'ata mdomo ili asiende.

Na hili ndilo lililokuwa linaniua. Tangu augue, yule mzee hali kwa mkono wa mtu mwingine. Wifi amejaribu, uji wote ukaishia kwenye mto. Mimi nimejaribu, akafumba mdomo akanitazama kama mwizi, na kusema kweli hakukosea. Daktari alituambia wazi: mkewe akiwa mbali siku nne tano, msinipigie simu, anzeni kuitana ndugu.

Mama mkwe alilijua hilo kuliko sisi sote. Na bado begi lilikuwa linajaa.

"Dada yangu ananisubiri kesho asubuhi," akasema. "Mtoto wake huyo wa Alhamisi aje amlishe."

Nikapiga moyo konde.

"Mama, nipe mpaka jioni. Twende ofisini kwetu sasa hivi. Nikuonyeshe kwa macho yako anavyotengenezwa. Ukiona nimekudanganya, begi nitakubebea mwenyewe mpaka kwa mama mdogo."

Alifikiri. Akafunga zipu ya begi, akaliweka kwenye korido, pengine ili nisifikirie ameghairi, akachukua miwani yake.

"Twende."

Ofisi yetu iko ghorofani, juu ya duka la mabeseni. Ngazi ni kumi na saba na mama mkwe ana goti bovu. Alipanda bila kushika mkono wangu. Nilipomnyooshea aliupita kana kwamba ni kitasa.

Bosi ndiye aliyetufungulia, nikamtambulisha mama mkwe. Bosi wetu ni mtu mwema na ndilo tatizo lake.

"Shikamoo, mama. Karibu, karibu sana. Kumbe leo tumetembelewa na mwenye mali."

"Marahaba. Mali gani?"

"Mzee, mama. Mzee wako ametupa heshima ambayo sijui tutailipa na nini. Kukubali uso wake utumike, na hali yenyewe ile. Ni wachache."



"Kukubali," mama mkwe akarudia.

"Alikubali mwenyewe, kwa moyo mmoja. Vinyweleo alituletea na salamu zake. Si ndiyo, Vinyweleo? Ulisema mzee alicheka akasema, chukueni, mimi siuhitaji tena."

Wasomaji wangu, maneno hayo niliyasema. Niliyasema asubuhi moja ninakunywa chai, kwa sababu bosi aliuliza na sikutaka kumwambia kwamba mwenye uso hajui. Niliongeza na kicheko kwa ajili ya utamu. Tabia yangu ni hiyo, nikidanganya napenda kuupamba uongo.

Mama mkwe akanigeukia. Hakupaza sauti.

"Kwa hiyo alikuwa anasema. Alikuwa anasema na wewe, anacheka na wewe, na mimi ninayemgeuza kitandani nanyamaziwa."

"Mama, hapana. Hajasema. Nilimdanganya bosi."

"Ulimdanganya bosi?" akauliza bosi.

"Ulimdanganya bosi, au unanidanganya mimi sasa hivi?" akauliza mama mkwe.

Nilikuwa nimesimama katikati ya watu wawili ninaowaheshimu, na kila mmoja ana haki ya kunizaba kofi. Nikamwambia bosi ukweli wote hapo hapo, kwamba mzee hajui lolote, nilimpiga picha amelala. Bosi alikaa chini. Akavua saa yake, akaivaa tena. Nikajua la kwangu na yeye limewekwa kiporo, litanijia.

Aliyeniokoa ni Mfinyanzi, ambaye muda wote huo alikuwa ametupa mgongo, vipokea sauti masikioni. Akageuka na kiti chake.

"Mama huyu ndiye mwenye mzee wetu? Mama, sisi mzee hatujawahi kumwona. Tuliletewa picha tu."

"Hamjawahi kumwona, na mmemrekodi?"

"Hatukumrekodi. Tumemjenga."

"Haya," akasema mama mkwe, akivuta kiti. "Nionyesheni mlivyomjenga."

Nilikaribia kupiga magoti kwa shukrani. Ni jambo rahisi mno. Unafungua faili la mzee, unabonyeza, nywele zinatoka. Unabonyeza tena, ngozi inatoka. Mwisho linabaki fuvu la nyaya za kijivu kama wavu wa dirisha, na hapo hata mbishi wa wabishi anakubali.

"Fungua mzee," nikamwambia Mfinyanzi.

"Mzee nimemfuta."

"Nini?"

"Jumatatu. Tangazo la dawa ya meno limejaza diski zote. Meno thelathini na mawili, kila jino na mng'ao wake. Nilikuuliza, nikufutie mzee au nifute ile filamu ya mvua ya mwaka jana? Ukasema mzee. Ukasema futa na picha zake pia, zote."

Nilisema. Nakumbuka nilivyosema. Filamu ilikuwa imeanza kuzunguka kwenye simu, nikaingiwa na hofu, nikataka kisibaki kitu chochote kinachonitaja. Nilidhani nafuta kosa langu. Kumbe nilikuwa nafuta kitu pekee cha kunitetea.

Kilichobaki ni filamu yenyewe, dakika tisa, ile ile ambayo kila mtu anayo kwenye simu.

Mfinyanzi, Mungu ambariki, alijaribu. Akamfungua yule mwanamke wa dawa ya meno. Akamvua nywele, akamvua nyusi, akamvua ngozi ya uso kama unavyovua foronya. Mama mkwe aliegemea mbele.

"Huyu ni nani?"

"Hakuna, mama. Hayupo."

"Ana kwao?"

"Hana kwao."

 Niliona limemgusa mama mkwe. Lakini yule mama hakuolewa na msoma mita kwa kubahatisha, ni mtu wa ushahidi.

"Sawa. Huyu wa meno mmemtengeneza, nimeona. Lakini kwamba mnajua kutengeneza mtu haina maana kwamba mume wangu hamkumrekodi. Fundi cherehani anashona nguo, na bado anavaa nyingine alizonunua dukani."

 Bosi alitazama dari.

"Niwekeeni hiyo filamu hapo kwenye kioo kikubwa cha kompyuta," akasema. "Niione mara moja ya mwisho, halafu niende nikamalizie begi langu."

Tukaiweka. Akavaa miwani. Mzee akaonekana ukingoni mwa kitanda, kiatu mkononi, brashi inakwenda na kurudi. Nilishindwa kutazama. Nilimtazama mama mkwe. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta, na wakati huo nilijichukia kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Dakika ya sita mzee anageuka dirishani, anatupa upande wa kulia wa uso.

"Simamisha," akasema mama mkwe.

Mfinyanzi akasimamisha.

"Sikio hilo limefanya nini?"

"Lipi, mama?"

"Hilo la kulia. Limemeguka ncha."

"Ndiyo, mzee ndivyo alivyo. Masikio yake yote mawili yamemeguka. Nilistaajabu kidogo, lakini ndiyo picha zilivyokuwa."

"Nani kakwambia mawili?" Mama mkwe alisimama, goti na lote, akaenda mpaka kwenye kioo na kuweka kidole juu ya sikio. "Mume wangu aliumwa na mbwa. Aliinama kusoma mita kwenye ua wa watu, mbwa akamdaka sikio. La kushoto. Moja. Nililisafisha mwenyewe wiki tatu, analia kama mtoto. Hili la kulia ni zima, linafaa hata kwa hereni."



Kisha Mfinyanzi akajipiga paji la uso kwa kiganja.

"Vinyweleo, zile picha ulizoniletea zote zilikuwa za upande mmoja."

Zilikuwa za upande mmoja. Baba mkwe hulala ubavu wa kulia, shavu la kulia limezama kwenye mto. Siku zote tatu nilipiga picha nusu ile iliyokuwa juu.

"Mama, sisi hatuundi kichwa kizima," Mfinyanzi akaeleza. "Tunaunda nusu, halafu tunaiambia kompyuta irudie upande wa pili, kama kioo. Halafu unakwenda unaharibu kidogo huku na huku ili zisifanane. Nilivuta nyusi, nikapinda pua. Masikio sikuyagusa. Nilijua ndiyo yake."

"Kwa hiyo mmempa masikio mawili ya kushoto," akasema mama mkwe.

"Ndiyo, mama. Samahani."

Mama mkwe alianza kucheka. Alicheka polepole, akaongeza, akashika meza. Akavua miwani akafuta macho. Akaniambia, "Na wewe umekaa naye nyumba moja miaka minane hukuona?"

"Sikuona, mama. Mimi ni wa ngozi."

Akacheka tena. Wakati wa kuteremka ngazi alinishika mkono, zote kumi na saba.

Ningekuwa na akili ningemalizia hapa, nikapokea pongezi zenu. Lakini mlangoni, wakati tunaaga, mama mkwe alimwuliza Mfinyanzi swali moja dogo.

"Na yale maneno ya mtoto, mliyatoa wapi?"

"Hayo ya Vinyweleo huyo. Alikuja nayo yameandikwa kwenye karatasi."

"Una kipaji, mwanangu," mama mkwe akaniambia. Nikatabasamu.

Sasa nisikilizeni, maana hili sijamwambia mtu, hata mume wangu, na nawaambia ninyi kwa sababu hamnijui.

Maneno yale sikuyatunga.

Siku ya tatu ya kupiga picha, nimeinama juu yake, kamera karibu na shavu, baba mkwe alisema. Macho yamefungwa. Sauti inakwaruza lakini kila neno linasikika. Mwambie mtoto nitakuja Alhamisi. Nisipokuja, asinisubiri barabarani. Jua kali. Kisha akavuta pumzi, akaendelea kulala.

Mtu mwingine angekimbia kumwita mkewe, kwamba mzee amesema. Mimi nilikimbia kutafuta kalamu. Tulikuwa hatuna maneno ya filamu, wiki mbili tunahangaika, na pale nikaletewa bure.

Kwa hiyo uso ni wa uongo, sauti ni ya uongo, masikio ndiyo kabisa. Kitu cha kweli ndani ya filamu ile ni kile kimoja ambacho mama mkwe, kwa furaha yote ile, alikuwa anaamini nimekitunga.

Njia nzima alikuwa ananisimulia habari za mbwa. Mimi naitikia "ee, mama", na kila hatua naona nyumba inakaribia, na sina kichochoro cha kupotelea.

Tulipofika aliwaita watoto wake chumbani kwa mgonjwa. Akawasimulia habari ya masikio, mkono kiunoni, bila kuruka kitu. Mume wangu akaichukua simu yake, akatazama, akaikuza picha, akatazama tena. Akatoka nje. Niliposikia anapenga kamasi uani nikajua analia, na sikujua kama ni kwa nafuu au kwa sababu sasa baba yake hajaongea kweli.

Wifi aliniomba radhi shingo upande. "Ila kumpiga mtu picha amelala," akaongeza, "hiyo tutaizungumza siku yake."

"Tutaizungumza," nikasema.

Mama mkwe alikaa kitandani, akachukua bakuli la uji, akamlisha mumewe vijiko vitano sita. Yule mzee alikula kama mtu aliyefunga siku tatu. Macho yake hayakumwacha.

"Nilikudhania vibaya, mzee wangu," mama mkwe akamwambia. Akamfuta kidevu. Halafu, bila kugeuka, akaniuliza:

"Lakini Alhamisi uliijuaje?"

"Alhamisi gani, mama?"

"Wewe umeolewa humu miaka minane. Alipokwenda kwenu kukuposa alikuwa ameshastaafu. Kabla ya filamu hiyo habari za Alhamisi hazikuwahi kuzungumzwa humu ndani hata mara moja, hata wanangu hawakuzijua, aibu nimeibeba mwenyewe. Uliijuaje?"

Baba mkwe aliacha kumeza. Akageuza macho kutoka kwa mkewe, akanitazama mimi.

Sikuweza kusoma kilichokuwemo. Mimi, ninayejua kila mkunjo wa jicho lile, niliyeuchora mmoja mmoja, sikuweza kusoma. Kama ananiomba ninyamaze au ananiomba niseme, mpaka leo sijui.

Niliona begi la bluu kwenye korido, zipu imefungwa. Niliona bakuli la uji limefika nusu.

"Bahati tu, mama," nikasema. "Siku za wiki ni saba, nikachukua moja."

"Bahati."

"Ndiyo, mama. Nimeyatunga yote mwenyewe."

Mama mkwe alinitazama muda mrefu. Sijui kama aliniamini au aliamua kuniamini, na ni vitu viwili tofauti. Kisha akaweka bakuli chini, akapangusa mikono kwenye gauni lake kama mtu anayeanza kazi.

"Vizuri. Sasa wale wanawake arobaini wa kushona, mimi siwezi kuwaelezea mmoja mmoja habari za masikio. Hawatanielewa. Utatengeneza nyingine."

"Nyingine nini, mama?"

"Filamu. Fupi tu. Akae hivyo hivyo na kiatu chake, aseme: watoto wangu ni wawili, sina mtoto mwingine popote. Waliomwona akisema lile, wamwone akisema na hili."

Wifi akasema, "Wazo zuri hilo."

"Mama, faili limefutwa," nikasema haraka. "Umesikia mwenyewe. Hatuna picha hata moja."

"Nimesikia, ndiyo maana nakwambia upige sasa. Saa kumi hii, jua liko dirishani. Kamera si ipo kwenye mkoba wako?"

Ilikuwepo.

"Na safari hii piga pande zote mbili," akasema.

Wifi alifungua pazia. Mume wangu, aliyekuwa amerudi na uso aliounawa, alimwinua baba yake, akamwegemeza kwenye mito miwili, uso mbele. Walifanya haraka, wamechangamka, kama familia inayojiandaa kupigwa picha ya sikukuu. Kwa wiki mbili nyumba ile haikuwa na watu waliochangamka. Nikatoa kamera. Kifuniko cha lenzi kikanidondoka.

Nikaweka jicho kwenye kamera.

Baba mkwe alikuwa macho. Alinitazama moja kwa moja ndani ya lenzi, kwa mara ya kwanza. Kisha mkono wake wa kushoto, ule wenye nafuu kidogo, ukanyanyuka kutoka kwenye shuka, taratibu, unatetemeka, ukafika usoni. Akautandaza, vidole vyote vitano, akajifunika.

"Mzee," mama mkwe akamwambia kwa upole. "Toa mkono, baba. Mwanga unaondoka."

Hakuutoa.

"Amechoka huyo," akasema wifi, lakini sauti yake haikuwa na uhakika.

Mume wangu alinitazama. Nikashusha kamera.

"Usishushe," akasema mama mkwe.

Akapanda kitandani na goti lake bovu. Akaushika mkono wa mumewe kwa mikono yake miwili, akaanza kuuvuta, na yule mzee, ambaye hata kijiko hawezi kukishika, akaung'ang'aniza usoni kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Nikiuondoa tu," mama mkwe akaniambia bila kugeuka, "piga."